Mgongo Usiosema

Farasi hana mtulinga. Mfupa ule mwembamba unaopita chini ya shingo yetu, kutoka kidarini hadi begani, kwake haupo kabisa. Miguu yake ya mbele haikuungwa na kiwiliwili kwa kiungo chochote cha mfupa. Imeshikwa na misuli na kano tu, na kifua kizima kinaning'inia katikati ya mabega mawili. Na miguu hiyo hiyo ya mbele ndiyo inayobeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mnyama hata kabla hajapandwa na mtu wala kutwikwa mzigo. Anayejifunza tiba ya mikono kwa farasi hukutana na jambo hili mapema, na likishamkaa kichwani mengine mengi humfungukia: kwa nini farasi mwenye maumivu ya bega hukaza shingo, kwa nini mkanda wa tumboni uliofungwa kwa pupa humfupisha hatua, kwa nini bega la kushoto likiugua leo, baada ya muda kiuno nacho huanza kulalamika.

Naandika haya nikiwa Masasi, mji ambao mtoto anaweza kumaliza darasa la saba hajamwona farasi ila kwenye picha. Mizigo yetu hupita kwa njia nyingine. Msimu wa korosho ukifika, gunia hutoka shambani juu ya kichwa, juu ya baiskeli au nyuma ya bodaboda mpaka kwenye ghala la chama cha msingi. Maji ya Newala, kabla mabomba hayajapanda uwandani, yalipandishwa kutoka mabondeni na wanawake, ndoo kichwani, kwa saa nyingi za kutembea. Mtu akiuliza kwa nini babu zetu hawakumtumia farasi, jibu linaruka angani. Mbung'o akimuuma farasi humwachia vimelea vya nagana, na farasi akishaipata hukonda, huvimba tumbo na miguu, na akikosa dawa hufa. Usubi nao humletea ugonjwa mwingine wa virusi unaoua kwa siku chache. Nchi ya miombo kati ya mito ya Lukuledi na Ruvuma haikuwa nchi ya kumfuga.

Hata hivyo nadhani Masasi ina haki ya kuizungumzia kazi hii kuliko miji mingi, kwa sababu ya jambo lililotokea katika bonde la Ruvuma mwaka 1866.

Ukisimama Newala, pale ukingoni panapoitwa Shimo la Mungu, uwanda wa Makonde unakatika ghafla na bonde zima la Ruvuma linalala chini yako. Katika bonde hilo David Livingstone alipita akianza safari yake ya mwisho. Alishuka Mikindani mwishoni mwa Machi 1866, na jahazi lililomfuata kutoka Unguja lilikuwa limepakia wanyama: ngamia 6, nyati wa kufugwa wa Kihindi 3 pamoja na ndama, nyumbu wa mizigo 2 na punda 4. Alikuwa na swali moja kuhusu wanyama hao. Alitaka kujua ni yupi kati yao angeweza kuhimili mbung'o, ili Afrika ya kati ipate mnyama wa kubeba mizigo na binadamu apumzike kuibeba. Swali hilo lilikuwa la maana. Biashara ya utumwa ilikuwa imefungamana na biashara ya pembe za ndovu, na pembe zilifika pwani juu ya mabega ya watu.

Wamakonde walilipwa kumfyekea njia, maana ngamia ni mrefu na vichaka vya kwetu vimesukwa kwa miiba na mitambaa. Hadi hapo mambo yalikwenda. Kilichoharibu jaribio ni mikono ya watunzaji. Askari wa Kihindi waliopewa kazi ya kuwaswaga wanyama waliwazidishia mizigo, wakawapiga, wakawanyima mapumziko na malisho. Livingstone aliandika katika shajara yake juu ya vidonda vya wanyama wale, na juu ya alama za mapigo alizoziona mwilini mwao. Mmoja baada ya mwingine walianguka njiani. Kufikia Julai aliwarudisha askari wale pwani, na wanyama karibu wote walikuwa wamekwisha.

Sasa tazama hasara yake. Mbung'o waliwauma kweli wale ngamia na nyati, alishuhudia mwenyewe. Lakini mnyama aliyeanguka alikuwa ameumwa, amepigwa, amechubuliwa na matandiko na amekosa chakula, yote kwa pamoja. Nani angesema amekufa kwa lipi? Ilibidi ulimwengu usubiri hadi miaka ya 1890, David Bruce alipokuwa Zululand, ndipo kimelea cha nagana kikaonekana chini ya darubini. Swali lililopelekwa Ruvuma na msafara mzima lilipotea kwa kukosa mtu mmoja wa kuweka kiganja juu ya mgongo wa ngamia kila asubuhi na kila jioni, ajue joto la jana na la leo, uvimbe wa jana na wa leo, na asimamishe mzigo kabla ngozi haijapasuka.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Siku hizi ana jina la kazi, ana vyuo, ana mitihani.

Katika nchi kama Uingereza njia ya kuifikia kazi hiyo ni ndefu. Wapo wanaoanzia kwa binadamu: husoma fiziotherapia ya watu kwanza, wakafuzu, kisha ndipo wakasomea wanyama, na tangu miaka ya 1980 wana chama chao. Wapo waliopitia njia ya John McTimoney, aliyebuni namna yake ya kurekebisha viungo kwa mikono myepesi, akaitumia kwa watu na kwa wanyama, na mwaka 1972 akafungua chuo. Kule Marekani, Linda Tellington-Jones alikuwa tayari mpanda farasi mzoefu alipokwenda kujifunza kwa Moshe Feldenkrais katika miaka ya 1970; aliyoyaona kwenye miili ya watu akayapeleka kwa farasi, akatunga mfumo wa kuzungusha ngozi kwa ncha za vidole, duara moja baada ya jingine. Njia hizi zinabishana sana kuhusu nadharia. Ukitazama wanafunzi wake siku ya kwanza zizini, hata hivyo, utawakuta wote wanafanya jambo moja: wamesimama, mikono imeshuka, wanatazama.

Kutazama ndilo somo la kwanza, na ndilo linalowachosha vijana wenye haraka. Farasi anasimamaje akiachiwa asimame apendavyo? Mguu upi anaupumzisha? Farasi mzima hupumzisha miguu ya nyuma kwa zamu, lakini akiutanguliza mguu wa mbele na kuuacha bila uzito, hapo pana neno. Kisha anatembezwa kwenye ardhi ngumu, kwenda na kurudi, na mwanafunzi anasikiliza mdundo wa kwato, maana sikio mara nyingi hukamata kilema kabla ya jicho. Kichwa kikipanda mguu mmoja wa mbele unapogusa chini, huo ndio mguu unaouma, kwa sababu mnyama anajaribu kuuondolea uzito. Tena anatazamwa kwa nyuma: je, nyonga zote mbili zinapanda na kushuka sawa? Mkia unaning'inia katikati au umeegemea upande?

Halafu uso. Mwaka 2014 watafiti wa Ulaya walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni mwa farasi, chenye mambo sita ya kuangalia: masikio yaliyokazwa kwenda nyuma, jicho linalofinywa, sehemu ya juu ya jicho iliyokaza, misuli ya kutafuna iliyotuna, mdomo uliobanwa hadi kidevu kikajitokeza, na pua zilizokazana. Wachungaji wazoefu walikuwa wanayajua mengi ya hayo. Kipimo kimewasaidia wanafunzi kukubaliana juu ya kile wanachokiona, kila mmoja akaandika alama yake bila kunong'onezana na mwenzake.

Ndipo mkono unaingia. Na hapa naomba twende polepole, kwa kuwa sehemu hii ndiyo inayonipendeza kuliko zote.

Mtaalamu husogea kutoka ubavuni, mahali farasi anapoweza kumwona. Nyuma kabisa farasi haoni, wala mbele ya paji la uso wake. Anaweka kiganja kimoja penye bega na kukiacha hapo, bila kukisogeza, mpaka ngozi iache kucheza. Farasi ana msuli mpana chini ya ngozi wa kutikisa nzi, na mkono mgeni hupokelewa kwanza kwa mtikisiko huo. Ukitulia, mkono wa pili unaanza nyuma ya masikio, unashuka shingo, unapita juu ya mabega pale singa zinapoishia, unafuata msuli mrefu wa mgongo hadi kiunoni, kisha mapaja, kisha unarudi upande wa pili na kufanya vile vile. Mara ya kwanza ni kwa mgongo wa mkono, kutafuta joto. Mara ya pili ni kwa kiganja kilichonyooka, kutafuta ugumu. Mara ya tatu ni kwa ncha za vidole, pole pole, kati ya msuli na msuli, kutafuta kifundo, kamba iliyokaza, au sehemu ndogo iliyonyong'onyea palipopaswa kujaa nyama.

Kila mahali hapo kuna maswali ya kujibu. Farasi ana pingili 7 za shingo, 18 za mgongo wenye mbavu, na kwa kawaida 6 za kiuno. Mwanafunzi anatakiwa aseme kidole chake kiko juu ya ipi bila kufungua kitabu. Na anatakiwa aseme mnyama amejibu nini. Mgongo ukididimia ghafla chini ya vidole, hilo ni jibu. Pumzi ikizuiliwa, ni jibu. Mkia ukipigwa mara moja tu, sikio likigeukia nyuma nusu, ni jibu. Mwanafunzi wa mwanzo husubiri teke ndipo ajue ameumiza. Aliyeiva huondoa mkono wakati jicho linapoanza kukaza, dakika nzima kabla mguu haujafikiria kunyanyuka. Kwetu, mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na shangazi au bibi, na bibi mzoefu husoma uso wa mzazi huku mkono ukiendelea na kazi. Uangalifu huu ni wa ukoo mmoja na ule.

Baada ya kupapasa ndipo kukanda kunaanza, na kwa hakika ni sehemu fupi kuliko watu wanavyodhani. Misogeo mirefu ya kiganja kufuata vinyweleo, kupasha misuli moto. Kuminya na kuachia kwenye nyama nene za shingo na mapaja. Kusugua kwa kukata nyuzi za msuli pale penye kovu, kwa muda mchache, kisha kuacha. Kuinua mguu wa mbele na kuuvuta mbele kwa utaratibu, ukishikilia juu ya goti na nyuma ya kifundo, ukisubiri bega lenyewe likubali. Nguvu za mtaalamu hazitoki kwenye vidole. Zinatoka kwenye miguu yake na uzito wa mwili wake, kwa sababu anayekanda farasi wa kilo 500 kwa vidole vitupu ataharibu viungo vyake kabla ya miaka mitano. Ishara za kukubali nazo zinajulikana: kichwa kinashuka, mdomo wa chini unalegea, mnyama analamba, anatafuna hewa, anapiga miayo.

Je, inafaa kitu? Mpenzi wa ufundi anapaswa kujibu swali hili bila kukwepa. Mwaka 1993 Claudia Feh na Jeanne de Mazières walichapisha utafiti wao juu ya farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Farasi wanapochunana wao kwa wao hupenda sana sehemu ya chini ya shingo, mbele kidogo ya mabega. Watafiti walipopakuna pale kwa mkono, mapigo ya moyo yalipungua. Walipokuna sehemu nyingine ya mwili, hayakupungua vile. Mwaka 2011 kundi jingine liliipa karoti kazi: farasi 8 walizoezwa kugeuza shingo kufuata karoti hadi kidarini, hadi ubavuni, hadi karibu na kwato, kwa miezi 3, na picha za mashine zikaonyesha kwamba misuli midogo ya ndani inayoshikilia uti wa mgongo ilikuwa imenenepa. Hayo yamepimwa. Yapo pia madai makubwa kuliko hayo, ya watu wanaosema wamerudisha pingili mahali pake kwa bonyezo moja, au wametibu tumbo kwa kushika sikio, na madai hayo hayana ushahidi wa kuyabeba. Mimi humheshimu mtaalamu anayeijua mipaka ya kazi yake na kuitaja kabla hajaulizwa.

Mipaka hiyo ina sheria. Uingereza, tangu Sheria ya Madaktari wa Wanyama ya 1966, kutambua ugonjwa ni kazi ya daktari, na mwenye tiba ya mikono hufanya kazi kwa ridhaa yake. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Veterinari ya 2003, inayosimamiwa na Baraza la Veterinari, na ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Mwanafunzi mzuri hazioni sheria hizi kama kikwazo, kwa kuwa ameshafundishwa ni mara ngapi mgongo unalalamika kwa niaba ya kiungo kingine. Jipu ndani ya kwato humfanya mnyama atembee upande, na baada ya wiki misuli ya kiuno ikawa migumu. Jino lenye ncha humfanya ainue kichwa akikataa lijamu, na shingo ikakaza. Ukikanda kiuno au shingo bila kuangalia kwato na kinywa, umefuta machozi ukaacha kidonda. Homa, tumbo la kusokota, pepopunda, kidonda kibichi, uvimbe wenye moto: hapo mikono inarudi mfukoni na simu inapigwa kwa daktari.

Nimesema farasi tu hadi sasa, ilhali mnyama wa jamii hiyo anayewabeba watu wengi wa Afrika Mashariki ni punda. Na punda ni mtihani mgumu zaidi kwa mkono.

Farasi akiumia huonyesha. Punda huficha. Asili yake ni nyika kavu ambako waliishi wachache wachache, na aliyeonekana mnyonge aliliwa. Kwa hiyo punda mwenye maumivu makali anaweza akasimama tu, kichwa chini kidogo, na mwenye punda akasema leo amekuwa mtulivu. Punda aliyekataa chakula kwa siku moja au mbili yuko hatarini, kwa sababu mafuta ya mwilini hufurika kwenye damu na kuharibu ini, na anaweza kufa kwa hilo hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Ndiyo maana anayemtibu huanza na vipimo. Mapigo ya moyo, yanayohesabiwa kwa vidole viwili kwenye mshipa wa chini ya taya, kwa punda mzima aliyepumzika ni wastani wa 44 kwa dakika. Joto lake ni wastani wa nyuzi 37.1, chini kidogo ya la farasi. Ufizi ukibonyezwa hadi ukawa mweupe, wekundu urudi kabla ya sekunde 2 kwisha. Aliyezoea farasi akija kwa punda na vipimo vya farasi atakosea, kama atakavyokosea pingili: punda wengi wana 5 za kiuno.

Mahali pa kuyaona haya kwa Kiswahili ni Lamu. Mji ule wa kale, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliingii, na mawe, mchanga, saruji na makopo ya maji hupita mgongoni mwa punda. Mwaka 1987 shirika la Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza na Elisabeth Svendsen, lilifungua huko kituo cha kutibu punda bila malipo, ukingoni mwa bahari. Kazi yake kubwa imekuwa vidonda, kwato, minyoo na meno. Yakaanzishwa na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, ambapo kinachopigiwa kura ni mwili wa mnyama: ngozi isiyo na makovu mapya, kwato zilizochongwa, jicho jangavu. Nayapenda mashindano hayo kuliko mbio maarufu za punda za Lamu, maana mshindi wake hutengenezwa mwaka mzima.

Punda amekuwa wa thamani tena kwa sababu mbaya. Ngozi yake ilitafutwa kwa ajili ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao, hadi Umoja wa Afrika ulipokubaliana Februari 2024 kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Waliobaki wanabeba zaidi.

Kijana wa Masasi anayesoma haya na mikono ikamwasha ataanzia wapi? Afuate mifugo kwanza. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo ana kampasi Madaba, mkoani Ruvuma, na barabara ya lami kutoka Masasi kupitia Tunduru na Songea inamfikisha. Huko atajifunza mwili wa ng'ombe na mbuzi, sindano, kumbukumbu na nidhamu ya zizi. Mwenye ufaulu wa sayansi anaweza kulenga shahada ya udaktari wa wanyama pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Farasi atawakuta mbele ya safari: kwenye kikosi cha polisi cha mbwa na farasi Dar es Salaam, kwenye mashamba ya chini ya Kilimanjaro na Meru, kwenye uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, au Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu na farasi ana heshima ya mzee wa nyumba. Ufundi wa mkono ataudaka njiani, kwa kupapasa wanyama mia, kisha mia nyingine, wazima wengi kuliko wagonjwa. Walimu wa kazi hii husisitiza hilo: usipoujua vizuri mgongo mzima, mbovu hautautambua.

Na akirudi kusini hatakosa kazi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Mahiwa, Masasi na Newala mwaka 1917, farasi na nyumbu wa majeshi walikuwa wamekufa kwa maelfu kwa nagana, na mizigo ikarudi kwa wapagazi; jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Mabega ya watu wa huku yameshaonja kilichowapata ngamia wa Livingstone. Leo dawa za nagana zipo, wafugaji wamehamia kusini na mifugo yao, na mnyama wa mizigo hawezi kuitwa ndoto tena.

Tumpe basi punda mmoja. Analetwa na mwenye naye, mama mtu mzima, ana alama nyeupe mbili pande zote za uti wa mgongo, manyoya meupe yaliyoota penye vidonda vya zamani, na katikati ya alama moja pana unyevu. Mtaalamu anamsalimia mama, shikamoo, kisha anauliza matandiko yako wapi. Hajamgusa punda bado. Matandiko ni mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne, na kamba ya plastiki inapita chini ya mkia. Anaugeuza mfuko kwenye mwanga na kuonyesha mkunjo uliolingana na kile kidonda, sentimita kwa sentimita. Punda hana nundu ya mabega kama farasi, kwa hiyo mzigo humteleza kwenda mbele kila anaposhuka mteremko, na mkunjo ule umekuwa ukisaga mahali pamoja.

Sasa anapapasa. Mapigo 48. Shingo laini, bega la kulia gumu, mgongo unadidimia vidole vikifika nyuma ya kidonda kwa upana wa viganja viwili, na upande wa kulia unadidimia zaidi. Kwato za mbele ndefu. Anasafisha kidonda kwa maji ya chumvi, anakanda kwa mbali na kidonda, dakika kumi na tano tu, bega kisha shingo, hadi punda anashusha kichwa na kutafuna. Kisha anaketi chini na mama, wanakata gunia kuukuu la korosho, la katani, wanashona mito miwili kwa sindano ya magunia na kuijaza sufi kavu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na kati yao wanaacha mfereji wa vidole vinne ili uti wa mgongo usiguswe na kitu. Kamba ya mkiani inabadilishwa kwa mkanda mpana wa kitambaa. Madumu, anasema, yawe na maji sawa kwa sawa, na yapakiwe na kushushwa pande zote mbili kwa pamoja.

"Sasa mwanangu, kesho si nitamtuma maji?" mama anauliza.

"Hapana, mama. Mpaka pale pakauke na ngozi ifunge. Kila asubuhi weka mgongo wa mkono wako hapa, halafu hapa. Pakiwa na joto kuliko pembeni, hajapona. Na bwana mifugo aje achonge hizi kwato wiki hii, nitampigia mimi."

Mama anaweka mkono anapoonyeshwa. Anauhamisha, anaurudisha, anauliza kama huo ndio moto wenyewe au ni jua. Mtaalamu anamvuta punda chini ya mkorosho, wanasubiri ngozi ipoe, na anamwambia ajaribu tena.